Mapafu Hayana Sura

Kitivo cha Afya ya Jamii, chumba namba 14
Jumapili, tarehe 4 Mei

Shemeji yangu Utambi,

Salamu kwanza, maana usiposalimiwa unanuna wiki nzima. Binti yetu hajambo? Mwambie mimi mama mdogo wake nimemtumia kitabu cha hesabu, na asijifanye hajakiona.

Sasa habari. Utafiti wetu wa vumbi la machimbo umekamilika, na chuo kimetoa agizo jipya: kila mtafiti atoke akawaeleze wananchi alichokipata, tena kwa lugha ya watu. Wenzangu wanalalamika. Mimi nimefurahi mno. Miaka kumi na sita nimeandika makala zinazosomwa na watu tisa, wawili kati yao wakiwa wahariri wanaolipwa kuzisoma.

Jumamosi tarehe 17 nafungua maonyesho kwenye ukumbi unaotazamana na soko. Kati ya zile eksirei arobaini na moja mlizopigwa kwenye gari letu, nitatundika kumi na mbili, kila moja na taa nyuma yake, ili mtu yeyote aone vumbi la mawe linavyofanya kifuani. Majina nimeyaondoa yote, zimebaki namba. Usiwe na wasiwasi, mapafu hayana sura. Hata mke hawezi kumjua mumewe kwa mapafu. Orodha ya majina iko kwenye kabati la chuma ofisini na ufunguo ninao shingoni.

Njoo ukae mbele. Bila wewe kuwashawishi wale wenzako arobaini, nisingekuwa na kitu cha kuonyesha. Na vaa lile shati jeupe, marehemu dada alilipenda.

Shemeji yako,
Mwalimu

*

Machimboni
Ijumaa, tarehe 9 Mei

Mwalimu shemeji,

Hatujambo. Binti kakiona kitabu na kanuna kuliko mimi. Barua hii naipitisha kwa muuguzi wa zahanati kama kawaida. Simu acha, pale getini siku hizi wanazishika na kusoma.

Huko ukumbini siji, na shati jeupe nalitunza kwa harusi yako ambayo sasa tumechoka kuingoja. Sikiliza kwanza. Jumanne mpasuaji mawe mmoja alikuja kazini kajifunga barakoa mliyotugawia. Wenzake wakamvua. Wakalaza vidole vyake viwili juu ya jiwe wakavipiga kwa kitako cha nyundo, ili akumbuke yuko upande gani. Aliyeshika mkono wake ni ndugu yake wa tumbo moja. Bosi ametangaza kwamba mkaguzi wa serikali akifunga mashine ya kusaga kokoto, watu mia tatu wanarudi nyumbani, na kwamba tatizo ni hao waliokwenda kupigwa picha. Sasa kila mmoja anamtazama mwenzake kifuani.

Winchi anakusalimu. Unamjua kwa sifa tu, yule pandikizi la mtu aliyenibeba mgongoni siku jabali liliponiangukia bega, kilomita nne, akanichangia na damu. Alikuwa wa tatu kuingia kwenye gari lenu usiku ule wa siri. Nilimtanguliza makusudi, wengine wakimwona yeye kaingia wasiogope. Anasema umwandalie chai. Nimemwambia wewe hata maji ya moto unaunguza.

Lakini nakuomba jambo moja kwa dhati. Watu hawa hawakukuamini wewe, waliniamini mimi. Nilisimama mlangoni nikiwahesabu kimoyomoyo, wakaingia mmoja mmoja kama watoto wa chanjo. Asijulikane hata mmoja. Na majibu yetu wenyewe lini? Wananiuliza kila asubuhi.

Shemeji yako,
Utambi

*

Kitivo cha Afya ya Jamii
Jumatatu, tarehe 19 Mei

Shemeji yangu,

Umekosa uhondo. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Wachuuzi, walimu, mafundi, na wapasuaji wenu si chini ya sitini, na nguo za kazi. Nilieleza bila neno hata moja gumu. Nilisema vumbi la mawe ni vioo vidogo visivyoonekana, mapafu yanavizungushia makovu, na kovu halivuti hewa. Mama mmoja alilia. Hapo nikajua kazi yangu ina maana.

Nikuambie siri ucheke. Namba saba ni wewe. Nilikutundika katikati ya ukumbi kama bwana harusi, kwa sababu picha yako ndiyo iliyotoka safi kuliko zote, na hakuna aliyejua. Wapasuaji waliizunguka kwa muda mrefu. Mmoja mwenye kofia nyekundu, mkubwa kama mlango, aliweka kidole pale juu begani, kwenye bamba lako la chuma, akashuka nacho polepole, kisha akawaita wengine. Nilidhani wanahesabu mbavu. Nilikuwa nimeandika ubavuni mwa picha kwamba watu wajaribu kuzihesabu.

Huyohuyo wa kofia akahamia namba tatu, ile mbaya kuliko zote, mapafu yamekuwa kama sifongo iliyokauka. Akaitazama, akasema kwa sauti, "Huyu keshakufa, ila hajaambiwa." Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Na mimi nikacheka, shemeji. Nilifurahi kwamba wanaona vizuri.

Majibu ya kila mtu yatafuata mwezi wa nane. Kamati inataka makala ikubaliwe kwanza. Mkaguzi alikuwepo, na leo asubuhi nasikia ameifunga ile mashine kwa mnyororo mpaka baraza la uchunguzi likae. Tumeshinda nusu.

Shemeji yako mwenye furaha,
Mwalimu

*

Zahanati, kitanda cha mwisho
Ijumaa, tarehe 6 Juni

Mwalimu,

Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelewa. Nimechukua siku tatu kuandika barua hii.

Walikuja Jumatano ile ya baada ya mnyororo, saa kumi jioni, jua kali, mlango wazi. Watu sita. Nilikuwa nanyoa ndevu. Mbwa walimpasua kichwa kwa jiwe kabla hajabweka mara ya pili. Wakaniuliza, "Namba saba ni wewe?" Nikajifanya sijui namba gani. Mmoja akanichana shati, akaweka kidole juu ya kovu langu, akabonyeza mpaka akaikuta skrubu. Akasema, "Ya nne. Hii hapa, imepinda."

Wakaanza na bega hilohilo, kwa nyundo ya kupasulia. Pigo la kwanza bamba lilihimili. La pili nilisikia mfupa ukiachana na chuma. La tatu sikulisikia. Waliponimwagia ndoo ya maji wakataka majina ya wale arobaini. Nikasema sina. Wakanishika mkono wa kulia wakaulaza juu ya kizingiti na kuuliza tena, swali moja kwa kila kidole. Nilijinyea, nakwambia ukweli, na nikalia kwa sauti mpaka jirani akafunga dirisha lake. Lakini sikutaja mtu. Binti alikuwa shuleni, namshukuru Mungu kwa hilo tu.

Utajiuliza wamenijuaje. Siku niliyotiwa bamba hospitalini, daktari aliponyanyua picha yangu dirishani, hakuwa peke yake. Alikuwepo mtu akauliza mbona skrubu ya nne imepinda, daktari akajibu kwamba imepinda ikiingia na nitaishi nayo. Miaka mitano sasa tunaitania skrubu hiyo. Nikichelewa kazini, ni skrubu. Nikishindwa bao, ni skrubu. Machimbo mazima yanaijua. Wewe peke yako hukuiona, kwa sababu ulikuwa unatazama mapafu.

Usiniulize ni nani. Usije. Wanaulinda mtaa, wanakungoja wewe na hiyo orodha.

Utambi

*

Kitivo cha Afya ya Jamii
Jumatatu, tarehe 9 Juni

Shemeji yangu, baba wa binti yangu,

Nimeisoma barua yako nimekaa sakafuni. Sijui nianzie wapi. Nisamehe ni neno dogo, lakini ndilo nililo nalo, nisamehe. Nilikutundika kama bwana harusi. Nimelirudia neno hilo mwenyewe usiku kucha.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitivo. Aliniuliza kama fomu ya ridhaa ilisainiwa. Nikasema ilisainiwa. Akasema basi chuo kiko salama. Nilimtupia kikombe, shemeji. Kilimpata sikioni, akatoka damu, na nimepewa barua ya onyo. Sijutii kikombe. Najuta kwamba kwa wiki mbili nilitembea kichwa juu nikipokea pongezi huku wewe umelala na bega lililosagwa.

Kuna jingine. Ijumaa mchana, watu wakiwa kwenye chakula, ofisi yangu ilivunjwa. Mlinzi wetu, mzee wa miaka sitini, alipigwa nondo usoni na jicho limetoka. Kabati la chuma wamelifumua kwa mtaimbo. Orodha hawakuikuta kwa sababu nilikuwa nayo kwenye mkoba, nikiwapelekea kamati. Sasa nalala nayo chini ya mto.

Nataka kuichoma. Lakini baraza linakaa tarehe 30, na wakili wa machimbo ameshasema kwamba picha zisizo na majina zinaweza kuwa za mtu yeyote wa popote. Nikiichoma, mashine inafunguliwa na mtaendelea kuvuta vioo. Nikiitoa, watavunjwa arobaini kama ulivyovunjwa wewe. Niambie nifanye nini, maana akili yangu iliyosoma imefika ukingoni. Na niambie ni nani aliyekufanyia hivyo. Nina haki ya kujua nani wa kumchukia.

Mwalimu

*

Zahanati
Jumamosi, tarehe 14 Juni

Shemeji,

Kikombe kimenichekesha mpaka mbavu zikauma. Ungelenga pua.

Usichome kitu, na baraza usilipe jina lolote. Unataka kujua nani? Kofia nyekundu. Pandikizi la mtu. Aliyekuomba chai.

Ndiyo, Winchi. Nyundo ilikuwa mikononi mwake. Na sasa nikuambie jambo ambalo sijamwambia yeyote, hata muuguzi. Alipokuwa ananipiga alikuwa analia makamasi na kupiga kelele kuliko wote, "Taja, taja," na wale watano wanamtazama. Nilielewa. Jina lake limo. Alikuwa anapiga ili asishukiwe. Ningefungua mdomo tu, nikasema "Wa tatu ni huyu," wangeniacha na kumgeukia yeye, na nyundo ingebadilisha mikono papo hapo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Kidole cha nne kilipovunjika nilifungua mdomo nilitoe, nakuapia. Kisha nikakumbuka zile kilomita nne, nikaligeuza nikamtukana mama yake badala yake.

Nilimchukia, na bado namchukia. Nikiota, namwota chini ya jabali nikiwa juu na mtaimbo. Lakini ninaye wa kumchukia zaidi kidogo, na ni wewe. Usiudhike, unaniuliza ukweli. Umekwenda ukawaambia wachuuzi na walimu na yule mama aliyelia. Ulituambia sisi lini? Mapafu yetu yalitazamwa na mji mzima kabla wenyewe hatujaambiwa tunaumwa nini. Winchi alisimama mbele ya kifua chake mwenyewe akafanya mzaha, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ni chake. Watu wasioambiwa kitu wanaogopa kila kitu, na anayeogopa hutafuta wa kumpiga.

Achana na mwezi wa nane. Nitumie bahasha arobaini na moja, kila moja na picha ya mtu na maneno manne ya kueleweka. Namba nje, jina usiweke. Namba za watu ninazo kichwani, niliwahesabu mwenyewe wakiingia. Nitagawa kwa mkono uliobaki.

Utambi

*

Kitivo cha Afya ya Jamii
Ijumaa, tarehe 20 Juni

Shemeji yangu,

Bahasha hizo hapo, zote. Kamati imekataa, nimezichapa mwenyewe usiku na mchana nyumbani kwangu, na nikifukuzwa nifukuzwe. Kila moja nimeiandika kwa mkono. Namba tatu niliirudia mara tisa. Mwishowe nimeandika hivi: mapafu yako yameharibika sana na hayatapona, ukiacha vumbi leo unaweza kuishi miaka kadhaa, ukiendelea, pengine mwaka mmoja, samahani kwamba hukuambiwa wewe kwanza.

Hilo la kunichukia nimelipokea. Limekaa kifuani na sina la kujitetea.

Tarehe 30 nitasimama mbele ya baraza na picha zangu zisizo na majina. Watanicheka. Orodha sitaitoa, hata wanifunge. Yako, namba saba, sitaitundika tena popote.

Mwalimu

*

Nyumbani
Alhamisi, tarehe 3 Julai

Shemeji,

Najua hujalala tangu Jumatatu. Polisi walipokutoa kwa mlango wa nyuma ulikuwa unanitazama, nami nilishindwa hata kukupungia. Muuguzi anasema umeuliza mara tatu kilichotokea uani mwa baraza. Nakuambia yote, usipate habari vipandevipande.

Bahasha yake nilimpelekea mwenyewe, wiki moja kabla. Nilimkuta anapasua kuni uani kwake. Aliponiona na bandeji zangu aliinua shoka, nadhani alifikiri nimekuja na watu. Nikamnyooshea bahasha. Akaitoa picha, akaiinua juani, akaitambua mara moja. Akasema, "Hii ni ile ya ukumbini. Ni ya nani?" Nikamwambia ni yako, ulikuwa wa tatu kuingia. Alikaa chini kwenye magogo. Akasema, "Nilimcheka." Kisha akaniomba nimsomee barua yako, kwa kuwa kusoma kwake ni kwa kubahatisha. Nikamsomea, na nilipofika mahali pa samahani akaniomba nirudie. Hakuniomba msamaha na mimi sikumpa. Aliuliza tu kama bega linauma kukiwa na baridi. Nikamwambia linauma hata kukiwa na joto. Akaitikia kwa kichwa.

Ulimwona Jumatatu jinsi alivyosimama. Wakili alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kicheko chake, kwamba pengine hizo ni picha za wafu wa chuoni. Na yule mwenyekiti anakuuliza kwa mara ya mwisho utoe jina japo moja, na wewe umefunga mdomo, machozi yanakutoka. Winchi alivua shati. Alisema, "Namba tatu ni mimi. Njooni mhesabu." Kisha akasema na lile ambalo nadhani hukulisikia kwa zile kelele, kwamba aliyemvunja namba saba ni yeye, kwa nyundo yake mwenyewe, na kwamba namba saba hakumtaja. Hapo ndipo viti vilipoanza kuruka na wewe ukatolewa.

Walimtoa nje kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi. Wale watano waliokuja kwangu ndio walikuwa mbele, kila mmoja anaogopa kutajwa. Hawakuwa na nyundo, walitumia miguu ya viti na vipande vya tofali. Alipigana, shemeji. Mmoja alimvunja taya kwa kichwa, mwingine alimng'ata mkono hadi mfupani. Kama angekuwa na pumzi wasingemweza, nawajua wale. Lakini pumzi ilimwishia. Nilimwona akisimama katikati yao mdomo wazi, anavuta hewa na hewa haiingii, na wao wakaona hivyo hivyo, wakapata nguvu. Tofali lilimpata kisogoni.

Nilijitupa katikati yao. Kwa nini, usiniulize. Nilikuwa nimengoja mwezi mzima kumwona hivyo. Walinipiga mateke mawili matatu, kisha mtu akapiga kelele kwamba wanaua mlemavu, wakatawanyika. Nikamwinamia, nikamvuta mgongoni kwa mkono mmoja, mpasuaji yule wa vidole viwili akanisukumia miguu yake. Tukaanza kwenda zahanati. Nilikuwa nimejiandaa kwa uzito wake wa zamani, ule wa mtu aliyekuwa ananyanyua jiwe la watu wanne. Hakuwa na uzito. Alikuwa amekonda ndani ya nguo na hatukuona. Damu yake ilinishukia shingoni ikiwa ya moto, na aliniambia sikioni, "Skrubu yako inanichoma." Nikamwambia avumilie, mimi nimevumilia miaka mitano. Alicheka, au alikohoa, sijui. Tulipofika kwenye daraja dogo la karavati nilihisi kidevu chake kimetulia begani. Niliendelea kutembea hadi zahanati, kwa sababu kama ningemtua pale ningekuwa nimekubali.

Jumanne asubuhi watu kumi na mmoja walikwenda kwa mwenyekiti wa baraza na bahasha zao mkononi, wakajitaja. Si arobaini, kumi na mmoja tu. Wanatosha, mwenyekiti amesema. Mnyororo haufunguliwi. Mmoja wao amechomewa nyumba jana, wamelala kwangu yeye na mkewe, na panga liko nyuma ya mlango. Wawili kati ya wale watano wamekamatwa.

Sasa, Mwalimu. Mjane wake alikuja leo. Anataka picha ile irudishwe ukumbini, mahali palepale, na taa nyuma yake. Lakini hataki namba. Anasema mumewe alitazamwa na mji mzima kama namba akachekwa, na yeye mwenyewe akajicheka. Anataka kila atakayeingia asome kwanza jina, ndipo atazame mapafu. Nilimwambia watafiti hawafanyi hivyo. Akaniuliza, "Na waliyoyafanya, ndivyo wanavyofanya?" Nikatafuta kalamu.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo. Nimeandika jina lake lote, lake, la baba yake na la babu yake, kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo liangalie vizuri usikosee herufi. Winchi usiandike, hilo ni letu. Ukishaitundika niambie siku. Nitakuja, nitavaa shati jeupe, na nitakaa mbele.

Shemeji yako,
Utambi